Maji Yajaapo Bulyaga: Wasomaji wa Bara na Ushairi wa Mahaba ya Bahari

Bahari ni ghala la zamani la ushairi wa Kiswahili. Tanga, nanga, kusi, kaskazi, bandari na bamvua ni maneno ambayo malenga wa mwambao waliyatoa katika kazi zao za kila siku, wakayatia katika tungo za siasa, za mawaidha na, zaidi ya yote, za mahaba. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, aliwatungia watu waliokuwa wakiviona vyombo vikiingia na kutoka mbele ya macho yao. Msikilizaji wake hakuhitaji sherehe ya maneno magumu. Leo tungo za namna hiyo, na nyingine nyingi zinazotungwa na watu wasio malenga wa sifa, husomwa pia Tukuyu, Mpanda na Kahama, na wasomaji ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari. Je, msomaji huyo anasoma nini? Na anapolikataa shairi la ashiki lililovikwa nguo ya bahari, analikataa kwa kuwa ni chafu, au kwa kuwa ni baya, au kwa kuwa hatukumpa maneno ya kulipimia?

Maswali haya hayawahusu wahakiki peke yao. Yanamhusu mwalimu anayesahihisha tungo za wanafunzi, mfasiri anayetafuta neno litakalofahamika pwani na bara, na mtumishi wa serikali anayeandika tangazo litakalosomwa kila wilaya. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa yajadiliwe katika kurasa hizi za istilahi.

Bahari ilivyopanda bara

Safari ya bahari kwenda bara haikuanza juzi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi zilizosomwa mbali sana na pwani. Sahani za santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, zilisikilizwa na watu ambao hawakujua jahazi lina umbo gani. Baadaye wakaja malenga ambao wenyewe walizaliwa bara: Mathias Mnyampala wa Dodoma na Saadani Kandoro wa Kigoma ni mifano miwili mikubwa. Mwaka 1976 Kahigi na Mulokozi walipoiita diwani yao Malenga wa Bara, jina lenyewe lilikuwa hoja: kwamba bara nako kuna malenga, na kwamba bahari si hati ya kumilikia Kiswahili.

Katika kurasa za magazeti ya zamani msomaji hakuwa mtu wa kunyamaza. Mtunzi aliuliza, wasomaji wakajibu kwa beti. Mmoja akasifu, mwingine akasahihisha, wa tatu akapinga. Majibizano hayo yalikuwa ndiyo uhakiki wetu kabla ya neno uhakiki kuenea shuleni. Lakini tukichunguza mizani ya hukumu zao tutaona kwamba aghalabu walipima vina, mizani na ufasaha. Kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kiliwapa watunzi sheria za umbo, na kazi hiyo ilikuwa kubwa. Mabishano ya miaka ya 1970 juu ya shairi huru, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, nayo yalikuwa mabishano ya umbo. Katika joto hilo swali jingine liliachwa kando: je, kitu kinachotajwa katika shairi ni cha kweli? Maji yanajaa hivyo kweli? Nanga inafanya kazi hiyo kweli?

Tusidhani kwamba swali hilo ni la washairi tu. Sisi wa istilahi tumekuwa tukiichukua bahari na kuipandisha bara kila siku. Rubani alikuwa kiongozi wa chombo cha majini kabla hajawa mwendeshaji wa ndege. Dira ni chombo cha baharia cha kuonyesha majira; leo tuna Dira ya Taifa, na mtumishi wa wilaya anaitaja bila kuwaza juu ya maji ya chumvi. Tumeunda hata bandari kavu. Maneno hayo yamekubalika kwa sababu kiini cha kazi ya kitu kilisafiri pamoja na jina: rubani bado anaongoza, dira bado inaonyesha njia, bandari kavu bado inapokea na kutoa shehena. Tatizo huanza pale jina linaposafiri peke yake.

Jaribio dogo la barazani

Nilipokuwa likizoni nyumbani Bulyaga, mjini Tukuyu, nilifanya jaribio dogo. Sikutaka kumtia aibu mtunzi yeyote kwa kuianika kazi yake, kwa hiyo nilitunga ubeti mimi mwenyewe, kwa kufuata mazoea ya tungo nyingi za mahaba zinazotufikia. Mimi si malenga. Nilijua kwamba ubeti wangu utakuwa wa mwanafunzi, na hilo ndilo nililolihitaji. Huu hapa:

Tanga nimetua jana, leo nipo ufuoni,
Upepo wako mwanana, wanivuta bandarini,
Maji yajaa mchana, usiku hupwa mwambani,
Nanga yangu nzito sana, ipokee kifuani.

Mizani ni kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane. Vina vya kati ni na, vya mwisho ni ni. Kwa sheria za umbo ubeti hauna kosa. Niliunakili katika karatasi chache, nikawapa majirani na marafiki waliokuwa wakija kunywa chai barazani wakati mvua ikinyesha. Na Tukuyu mvua hukuachi uwe na haraka: kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Kati ya waliosoma walikuwamo mwalimu wa sekondari, karani wa ofisi ya serikali, mfasiri wa maandiko ya dini, muuguzi aliyezaliwa Kilwa na kuhamishiwa huku, na mzee mmoja wa Matema ambaye zamani alikuwa mvuvi wa Ziwa Nyasa na sasa huleta samaki sokoni. Watu hao ni wachache mno kuwa msingi wa takwimu, nami sidai takwimu. Nadai tu kwamba majibu yao yanatufundisha.

Majibu yenyewe

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu. Aliusoma mara moja, akaikunja karatasi. "Ndugu yangu," akasema, "umbo ni zuri, lakini haya ni matusi. Siwezi kuyaweka mbele ya wanafunzi." Nilipomwuliza tusi li wapi, alionyesha mshororo wa nne. Nilipomwuliza mishororo mitatu ya kwanza inasema nini, alijibu kwamba hiyo ni "mapambo ya bahari tu".

Karani aliupenda. Alisema ni mtamu, na kwamba mtu akiusoma anahisi upepo. Nilimwomba aeleze utamu huo uko katika nini. Akacheka, akasema utamu hauelezwi. Mfasiri alikuwa na shaka ya namna nyingine. Yeye aliuliza angeufasirije ubeti huu kwa Kinyakyusa kwa mtu wa milimani, asije msomaji akadhani kwamba mpenzi anatishwa. Nilishangaa. Kutishwa na nini?

Hapo ndipo mzee wa Matema alipoingilia. "Mwanangu," akaniambia, "mfasiri ana haki. Umeandika kwamba maji yanajaa. Kwetu maji yakijaa, watu hukimbia." Akaeleza yale ambayo kila mtu wa Kyela anayajua: masika yanapokuwa makali, mito inayoshuka kutoka milima hii yetu, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hufurika katika bonde, mpunga ukaenda na maji, na watu wakahama nyumba zao. Ziwa lenyewe hupanda kwa majira ya mvua na kushuka kwa kiangazi. Halina kujaa na kupwa kwa kila siku kunakoonekana kwa macho. Kwa mzee huyo, mpenzi anayesema "maji yajaa" analeta habari ya maafa, wala hamwiti mtu kwenye raha.

Muuguzi wa Kilwa alikuwa kimya muda wote huo. Mwishowe aliniuliza kwa adabu, "Kaka, wewe umewahi kukaa pwani?" Nikamjibu kwamba nilisoma Dar es Salaam miaka mitatu. "Basi ulisoma vitabu tu," akasema, na baraza zima likacheka. Ndipo akauchambua ubeti wangu mstari kwa mstari. Tanga likishatuliwa, upepo hauna tena cha kuvutia chombo. Mshororo wa kwanza unaukana wa pili. Kisha maji ya bahari hayana saa za kazi kama ofisi, yajae mchana na kupwa usiku. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa. Yakijaa leo saa sita mchana, kesho yatajaa karibu saa saba. Na baada ya juma moja, saa ile ile sita ya mchana, utayakuta yamekupwa. "Mtoto wa Kilwa akisoma haya," alisema, "hatasema ni matusi. Atasema huyu mtu mwongo."

Ama nanga, hiyo ilihukumiwa na wote wawili, mtu wa bahari na mtu wa ziwa. Muuguzi alisema nanga nzito haiwekwi kifuani mwa mtu umpendaye, itamvunja mbavu. Mzee akaongeza kwamba nanga, iwe ya chuma au ya jiwe, kazi yake ni kuzama mpaka ishike chini.

Kosa lilikuwa la nani?

Nimeyakumbuka majibu hayo mara nyingi tangu siku ile. Mazoea yetu ni kusema kwamba msomaji wa bara anashindwa na ushairi wa bahari kwa sababu hana ujuzi wa Kiswahili cha pwani. Lakini hapa mwenye upungufu alikuwa mtunzi. Msomaji wa ziwani na msomaji wa baharini, kila mmoja kwa njia yake, waliitambua bahari ya uongo. Yule wa kwanza alisoma neno kwa uzoefu wa maisha yake na akaona hatari. Wa pili alisoma neno kwa uzoefu wake na akaona upuuzi. Waliobaki kati, yaani mwalimu na karani, ndio waliosema maneno mawili ambayo huyasikia kila mara: matusi na tamu. Nao si wajinga. Ni watu waliosoma. Wamefundishwa umbo na orodha ya maana, hawakufundishwa mwenendo wa kitu.

Na orodha hizo tumeziandika sisi. Tazama sherehe zilizo mwishoni mwa diwani nyingi, na orodha za msamiati tunazozitoa kwa ajili ya shule. Bamvua huelezwa kuwa ni maji mengi ya bahari. Kusi ni upepo. Kupwa ni maji kupungua. Maelezo ya namna hii si uongo, lakini yanamwacha msomaji mahali pale pale. Kama kupwa ni kupungua tu, basi kisima nacho hupwa wakati wa kiangazi, na mzee wa Matema hakukosea hata kidogo.

Linganisha maelezo hayo na haya ninayoyapendekeza yazungumzwe:

Kupwa: kwa maji ya bahari, kurudi nyuma kutoka ufuoni kwa muda wa saa sita hivi baada ya kujaa, hutokea mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Bamvua: siku chache, mara mbili katika kila mwezi wa kuandama, karibu na mwezi uandamapo na uwapo mpevu, ambapo maji ya bahari hujaa mno na pia hupwa mno, kinyume chake ni maji mafu.

Kusi: upepo utokao kusini unaovuma katika mwambao kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, ndio uliovichukua vyombo vya matanga kuelekea Arabuni, kama kaskazi ilivyovirudisha.

Tofauti iko katika nini? Maelezo ya pili yanataja wakati, mwelekeo na marudio ya kitu. Kwa neno bamvua, kwa mfano, msomaji anajua sasa kwamba ni kujaa na kupwa pamoja, wala si maji mengi tu. Anajua kwamba huja na mwezi. Anaweza kukisia mwenyewe kwa nini mtunzi wa mahaba angelichagua neno hili badala ya gharika: bamvua huja kwa ahadi, huondoka, na hurudi tena. Gharika haina ahadi. Ashiki ya shairi imejengwa juu ya marudio hayo, na msomaji asiyeyajua ataona ama pambo ama uchafu.

Jambo hili lina faida nje ya ushairi pia. Anayeandika tangazo la tahadhari ya hali ya hewa akasema "maji kujaa" amesema mambo mawili tofauti kwa wasomaji wawili. Kwa mvuvi wa Kilwa ni habari ya kila siku. Kwa mkulima wa Kyela ni amri ya kuhama. Mfasiri wa barazani kwangu aliliona hilo kabla yangu, ingawa mimi ndiye mwenye cheo cha istilahi.

Neno moja halitoshi

Liko jambo la pili, nalo lilinigusa zaidi. Baada ya muuguzi kumaliza uchambuzi wake, mwalimu aliifungua tena karatasi yake. Alikaa nayo, kisha akasema kwamba miaka michache iliyopita mwanafunzi wake mmoja, msichana, aliandika shairi juu ya mvua na ngozi ya mtu, kwa ajili ya ubao wa matangazo wa shule. Yeye alilikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: Matusi. Msichana yule hakuleta shairi tena. "Leo ukiniuliza lilikuwa na tusi gani," akasema, "siwezi kukuambia. Lilikuwa na ngozi, lilikuwa na maji. Kalamu yangu ilikuwa na neno moja tu."

Hakuna aliyemlaumu. Lakini hatuwezi kuyasikia maneno hayo tukabaki na amani, sisi ambao kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kalamu ya mwalimu ina maneno ya kutosha. Uhakiki wa Kiswahili una istilahi nyingi nzuri za ufundi: taswira, sitiari, tashbihi, tashihisi. Zimekusanywa katika kamusi za fasihi, mojawapo ikiwa ile ya Wamitila ya mwaka 2003. Lakini katika matumizi ya darasani hatujaweka mpaka ulio wazi baina ya mambo matatu ambayo mwalimu yule aliyatia katika kapu moja. Kwa hiyo napendekeza yapambanuliwe hivi.

La kwanza ni ushairi wa hisi. Huu ni ushairi unaomfanya msomaji aone, asikie, anuse, aonje au aguse: ubaridi wa umande, chumvi midomoni, mchanga chini ya nyayo. Mapenzi yanaweza kuwamo au yasiwemo. Shairi la msichana yule, kwa jinsi lilivyosimuliwa, lilikuwa la aina hii.

La pili ni ushairi wa ashiki. Huu unaeleza shauku ya mwili na moyo kwa mpenzi, kwa wazi au kwa fumbo. Tunao tangu zamani, nao una adabu zake. Istilahi iliyozoeleka ya ushairi wa mapenzi ni pana mno: inabeba mapenzi ya mama, ya nchi na ya Mungu. Neno ashiki lina mpaka ulio karibu zaidi, nalo limo katika lugha tayari; halihitaji kuundwa.

La tatu ni matusi, yaani maneno yaliyokusudiwa kuaibisha, kudhalilisha au kuchafua. Tusi ni suala la nia na la shabaha. Kiungo cha mwili kikitajwa si tusi kwa sababu tu kimetajwa, na tusi baya kabisa laweza kutamkwa bila kutaja kiungo chochote.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba mipaka hiyo huvukwa, kwamba hisi huwa ashiki na ashiki ikaanguka kuwa tusi. Ni kweli. Lakini hata mpaka wa wilaya huvukwa kila siku, na bado tunahitaji kujua uko wapi. Mwalimu mwenye istilahi tatu anaweza kumwambia mwanafunzi: shairi lako ni la hisi, nalo linafaa ubaoni, au, shairi lako ni la ashiki, ni jema, lakini mahali pake si ubao wa shule. Kauli zote mbili zinamwacha mwanafunzi na kalamu yake mkononi.

Je, mtu wa bara aiache bahari?

Mwisho wa mazungumzo yale karani aliuliza swali ambalo wengi wataliuliza. Kwa nini tuhangaike na bahari? Kwetu kuna mto Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu. Kuna Ziwa Ngozi lililokaa ndani ya kinywa cha mlima, ambalo halina mto utokao. Mtu akitaka kumsifu mpenzi wake kwa maji, si maji hayo yanamtosha?

Hoja hii ina uzito, na ningependa kuziona tungo za Kiwira na za Ngozi zikiongezeka. Lakini siikubali hadi mwisho. Bahari imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Asemaye mambo yamekwenda mrama, au kwamba fulani ameshika usukani, ameshaingia chomboni, apende asipende. Kumkataza mtu wa Rungwe kutumia bahari ni kumkataza sehemu ya lugha ambayo ni yake kama ilivyo ya mtu wa Lamu. Masharti yawe kwa kila mtunzi, wa pwani na wa bara: ukitaja kitu, kijue kazi yake. Nao wasomaji wa bara wana mchango wa kuleta. Ushahidi wake ni yaliyoufikia ubeti wangu.

Maana hawakuuacha ulivyokuwa. Muuguzi alibadili kuvuta kuwa kuita, ili upepo usifanye kazi ya tanga lililokwisha tuliwa. Kisha akaugeuza mshororo wa tatu kwa kufuata kuchelewa kwa maji. Mzee wa Matema alitengeneza wa nne. Matema iko chini ya Milima ya Livingstone, na ziwa huteremka ghafla kuwa na kina kirefu karibu na ufuo. Mzee yule anakijua kilindi kuliko watu wengi wa pwani. Ubeti ukawa hivi:

Tanga nimetua jana, leo nipo ufuoni,
Upepo wako mwanana, waniita bandarini,
Maji huchelewa tena, nami bado mchangani,
Nanga yangu nzito sana, ipokee kilindini.

Sidai kwamba sasa ni ubeti wa malenga. Lakini watazame tena wapenzi hawa. Zamani maji yalikuwa pambo. Sasa ni yale maji yanayochelewa kila siku, na mtu aliye mchangani anangoja kwa sababu bahari yenyewe inamngojesha. Zamani nanga ilikuwa mzigo kifuani. Sasa imepata mahali pake. Na lililonishangaza zaidi ni hili: ubeti wa pili una ashiki kuliko wa kwanza. Kilindi kinasema zaidi ya kifua. Hata hivyo mwalimu, aliyekuwa wa kwanza kusema matusi, aliusoma polepole mpaka mwisho, akasema, "Huu ni wa ashiki. Wanafunzi sitawapa. Lakini karatasi hii naichukua." Mzee akamjibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo."

Tujifunze kutokana na hapo kwamba swali la kwanza la uhakiki lisiwe, je, shairi hili lina aibu? Swali la kwanza liwe, je, kitu kilichotajwa ni cha kweli? Aghalabu lugha ya uongo ndiyo inayotoa harufu ya uchafu, kwa sababu msomaji akikosa kitu cha kukishika katika mishororo mitatu, hukimbilia kifua kilichotajwa katika wa nne. Kwa upande wetu, wajibu ni miwili. Kwanza, sherehe na orodha zetu zitoe mwenendo wa kitu pamoja na maana yake: wakati, mwelekeo na marudio. Pili, hisi, ashiki na matusi zipambanuliwe katika vitabu vya kufundishia, ili kalamu nyekundu isibaki na neno moja.

Wasomaji wenye maelezo bora ya maneno niliyoyataja, hasa wanaoishi kando ya Ziwa Nyasa, Tanganyika na Viktoria, wanaombwa wayalete. Mimi nilijifunza maana ya kupwa Bulyaga, takriban kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, kwa mtu wa Kilwa aliyekuwa akisubiri mvua ikatike.